Kazi ndani ya kampuni ndogo ya tafsiri: kutafsiri kwenyewe ni masaa machache tu

Mkuu umeuliza ukiajiriwa kwenye kampuni ndogo ya tafsiri utakuwa unatafsiri kutwa nzima au kuna mengine, na kama digrii yako ya Kiswahili inatosha. Mi niko kwenye moja hapa Dar mwaka wa sita sasa. Tuko wanne, bosi, mimi, dogo anayepanga kurasa, na dada wa mapokezi ambaye ndo mhasibu ndo kila kitu. Wafasiri wengine wako nje tunawapa kazi zikitokea.

Asubuhi ni vyeti. Vya kuzaliwa, vya ndoa, talaka, matokeo ya shule, mtu ana miadi ubalozini kesho na anataka leo. Usividharau kisa ni ukurasa mmoja. Kuna mama alikuja na cheti cha ndoa, jina la mume limeandikwa Mohamed, kwenye pasi ni Mohammed, m mbili. Ananiambia "mwanangu si uniwekee tu kama ya kwenye pasi". Nikamwambia mama siwezi, naandika kilichoandikwa, nikiongeza hata herufi moja mhuri wetu ndo unaingia mashakani. Nikamshauri aende kwa wakili akaapie majina. Alinuna huyo! Kesho yake akarudi na kiapo, nacho kikataka kutafsiriwa, nacho akalipia. Nilijisikia vibaya ila ndo hivyo. Na wapo wanaotakiwa tafsiri ithibitishwe BAKITA, yaani Baraza la Kiswahili la Taifa, hilo uliza mapema kabla hujagusa kazi, vinginevyo watalijua wakiwa dirishani na lawama zote zinarudi kwako.

Mchana ndo miradi mikubwa, mingi inatoka kwa makampuni ya Ulaya ambayo na yenyewe yamepewa na wengine, kwahiyo hela inafika kwako imeshapita mikono mitatu. Hapa sasa kuna kuhesabu maneno, maana malipo ni kwa neno, na mkuu hapa shika sana. Kiswahili kinabana. "Nitawaambia" ni neno moja, Kiingereza kinataka manne. "Hawajatulipa", neno tunalolitumia sana ofisini kwetu, Kiingereza kinataka matano. Kwahiyo ukitoka Kiingereza kwenda Kiswahili ukakubali kulipwa kwa maneno ya tafsiri badala ya ya waraka wa kwanza umeliwa, na ukitoka Kiswahili kwenda Kiingereza ni kinyume chake. Bosi wetu alikuja kushtuka faili la kurasa themanini likiwa limeshaenda.

Kazi zinazonikausha mimi ni fomu za ridhaa za utafiti wa dawa, zile mgonjwa anazosaini kukubali kushiriki. Ukishatafsiri, mtu mwingine ambaye hajaona Kiingereza cha mwanzo anairudisha Kiingereza halafu wanalinganisha. Mfasiri wetu aliandika "utapangiwa kundi kwa bahati nasibu", mbona ndo tunavyosema wote? Ikarudi kwamba mgonjwa atachezeshwa bahati nasibu, ile ya tiketi na zawadi! Mteja akapagawa, imeli zikaanza saa tatu asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni, watu watano wa nchi tatu tunabishana maneno mawili. Mwisho tukaandika kirefu kama unavyomwelezea bibi yako: kompyuta ndiyo itakayokupangia kundi, wewe huchagui na daktari naye hachagui. Ikapita. Na malipo hayakuongezeka hata senti.

Kuna na vita ya Kiswahili kipi. Mteja anasema anataka cha Afrika Mashariki nzima, kazi anapewa Mkenya aipitie, inarudi nyekundu tupu, kompyuta imekuwa tarakilishi, simu ya mkononi imekuwa rununu. Sio makosa, huko ndo wamefundishwa hivyo shuleni, ila sa hivi sisi tunamtumia mteja orodha ya maneno aisaini kabla hatujaanza, la sivyo utasahihishwa mpaka uzeeke.

Halafu jiandae, nyingi siku hizi zinakuja mashine imeshatafsiri, we kazi yako kunyoosha, kwa bei pungufu. Inaandika vizuri tu, ndo maana inakulaza usingizi, unasoma unaitikia kichwa hee sawa sawa, kumbe imeandika mgonjwa anywe kidonge saa 8 asubuhi. Hiyo saa ipo wapi kwetu? Wanamaanisha saa 2. Mi nikifika kwenye dawa huwa nasoma kwa sauti, dada wa mapokezi ananicheka.

Digrii yako inasaidia lakini usaili wetu ni kukupa kurasa mbili na masaa mawili, basi. Na jifunze eksel aisee, nusu ya wiki niko huko nafukuzia invoisi za miezi mitatu nyuma.