Elfu moja ya Mama Cherop

Mhariri,

Swali lenu la wiki liliuliza kama ni haki mwenye duka la zawadi za mikono kuuza kitu kwa mara tatu ya bei aliyomlipa fundi. Nililisoma nikiwa nimeketi nyuma ya meza ya duka langu, huku mlimani juu ya Endebess, kwenye njia ya kuelekea Chorlim, lango la mbuga, na sifichi kwamba lilinichoma. Kila kibuyu kilichokuwa mbele yangu kilikuwa na kikaratasi cha shilingi 1,500 shingoni, na kila kimoja nilikuwa nimekinunua kwa 500. Nilitaka kuwajibu kwa neno moja, ndiyo, ni haki, kisha niendelee na kazi zangu.

Anayeuliza swali la namna hiyo nadhani ana duka la mjini akilini, mahali ambapo watu hupita mlangoni tangu asubuhi hadi usiku. Anayefika kwetu amekusudia Mbuga ya Taifa ya Mlima Elgon, na aliyekusudia mbuga amekusudia pango la Kitum, ambamo ndovu huingia usiku na kukwangua kuta kwa pembe zao wakitafuta chumvi. Hakuna aliyewahi kufunga safari kutoka Nairobi kwa ajili ya kikapu changu. Wengine hata pangoni hawaingii, kwa kuwa wamesoma habari za watu wawili waliougua Marburg, homa hatari ya virusi, mmoja mwaka 1980 na mwingine 1987, baada ya kutembelea Kitum. Hao hugeuza gari mapema, na mtu anayeukimbia ugonjwa hasimami kuchagua zawadi. Mvua za masika zikianza, barabara ya kwetu inabaki kuwa ya pikipiki na ng'ombe. Kodi ya chumba ni 3,000 kila mwezi, kuwe na mvua au jua, na leseni ya kaunti haiulizi kama niliuza. Kwa hiyo mimi ningeuliza hivi: mali isiponunuliwa, nani anakaa nayo?

Hilo ndilo jibu nililokuwa nimelitayarisha, na ningeliacha hapo kama nisingemkumbuka Mama Cherop.

Mama Cherop ndiye anayenitengenezea vibuyu. Mimi nilizaliwa Chavakali nikaolewa huku, kwa hiyo tunaongea Kiswahili, yeye akiniita Mama Neema nami nikimwita kwa jina la bintiye mkubwa, ingawa kwa umri angeweza kunizaa. Kibuyu chake ni kazi ya karibu mwaka mzima. Hupanda mbegu mwenyewe, hungoja tunda likomae na kuanza kukauka, hulitoboa mdomo, hulijaza maji mpaka nyama ya ndani ioze, hukwangua, hurudia maji tena na tena hadi uchungu uishe, halafu hulisugua ndani kwa kijinga cha mti wa senetwet, ule ambao mkaa wake huupa mursik, maziwa ya mgando ya Wakalenjin, rangi ya kijivu na harufu ambayo anayeijua haisahau. Mwisho hushona kifuniko na mshipi wa ngozi, hutia shanga ninazomletea kutoka Kitale, na kando ya kifuniko huweka kauri tatu. Hizo kauri tatu ni sahihi yake.

Jumamosi moja ya mwezi Agosti alikuja na vibuyu vinne vipya mgongoni, vimefungwa kwa leso. Kabla hajavishusha aliona rafuni kimoja cha mzigo uliotangulia. Herufi hazimshughulishi sana, lakini tarakimu za pesa anazisoma kuliko mimi. Alikishika kile kikaratasi kwa vidole viwili kama mtu aliyeshika kupe.

"Hiki si changu?"

Nikasema ni chake.

"Elfu moja na mia tano. Na mimi ulinipa mia tano. Hiyo elfu moja imeenda wapi, Mama Neema?"

Nilianza kumhesabia: kodi, leseni, nauli ya Kitale, shanga, miezi mitupu. Nilizungumza kwa muda mrefu, na kadiri nilivyozungumza ndivyo nilivyojisikia kama mtu anayejitetea kwa chifu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akavuta kigoda, akaketi karibu na mlango. "Basi nitakaa hapa nione."

Ilikuwa saa tatu asubuhi. Alikaa mpaka saa kumi na moja jioni.

Saa nne aliingia kijana wa pikipiki kutaka chenji ya elfu. Saa sita ilinyesha, mwalimu mmoja akajikinga kwetu, akasifu vikapu, mvua ilipokatika akaondoka. Kuelekea saa nane lilisimama gari la wageni, watu watano, wakauliza lango liko umbali gani na choo kiko wapi. Msichana mmoja wao alichukua kiboko kidogo cha jiwe la Kisii, akauliza kama kimechongwa hapa mlimani. Nikamwambia kimetoka Tabaka, huko Kisii, akakinunua hata hivyo kwa 350. Mwenzake alikishika kibuyu, akakifungua, akakinusa, akakunja uso kwa ule moshi, akakirudisha taratibu. Mama Cherop hakusema neno mpaka gari lilipoondoka. Hapo ndipo aliposema, "Kibuyu kisichonuka moshi ni cha kutilia maua."

Halafu tukakaa. Sikujua jinsi duka langu lilivyo kimya mpaka siku ile nilipokuwa na shahidi. Alifagia mlangoni bila kuombwa. Alihesabu vikapu. Ilipofika saa tisa hivi aliinama kutafuta kopo la maji, akaliona boksi lililo chini ya meza, na ndani yake vibuyu vitano vyenye nyufa. Kimoja kiliangushwa na mtoto, kimoja kilipasuka kwenye pikipiki, vitatu vilikauka vikaachia vyenyewe, kama vibuyu vinavyofanya. Vyote vilikuwa vyake. Kauri zilikuwepo.

"Hivi ni nini?"

"Hasara," nikasema, na nakumbuka nililisema neno hilo kwa fahari kidogo, kwa maana nilidhani sasa nimeupata ushahidi wangu. Katika ile elfu moja, sehemu nzuri ilikuwa ya kulipia boksi lile.

Alinitazama kama mtu anayemtazama mtoto aliyetupa chakula. Akatoa sindano nene kwenye kifundo cha leso, akaomba uzi wa ngozi kwenye vifaa vyangu, akatoboa matundu madogo kwa zamu, huku na huku ya ufa, akaanza kushona. Ilimchukua chini ya saa moja. Ule mshono ulikuwa na hatua kumi na moja, umenyooka kuliko shanga zenyewe, na alipomimina maji ndani halikudondoka tone. "Mama yangu alikuwa na kibuyu chenye mishono mitatu," alisema. "Ndicho alichokipenda. Kwa nini hukunirudishia?"

Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina lililo zuri. Kwa miaka kadhaa nilimtoza mteja gharama ya nyufa ambazo fundi angeziziba akiwa anapiga gumzo, na haikunijia hata mara moja kumuuliza.

Saa kumi na moja hakuna kibuyu kilichokuwa kimeuzwa. Nilimlipa 2,000 kwa vile vinne kama tulivyozoea. Alizihesabu, akazifunga, akasimama. "Leo ungelala njaa, nimeona," akasema. "Lakini hiyo elfu moja bado ni nyingi."

Baadaye nilimwendea na pendekezo la mali kauli: aniletee vibuyu bila malipo, kikiuzwa kimoja achukue 1,000 nami nibaki na 500. Nilidhani atafurahi. Alikataa papo hapo, kwa sababu shule inataka karo wiki ya kwanza ya muhula, na mhasibu wa shule hapokei habari za watalii watakaokuja. Tukakubaliana 700 taslimu, na kila chenye ufa kirudi kwake kwa 100 ya kushona. Bei ya rafuni sikuipandisha.

Basi jibu langu ni lipi? Nilipoanza barua hii nilikuwa upande wa mara tatu, na sasa naona kwamba kwa kibuyu cha Mama Cherop ilikuwa nyingi mno, hata baada ya kuhesabu siku zote za ukimya. Kwa mawe ya Kisii bado nashikilia mara tatu: kile kiboko nilikinunua kwa 120 kwa mchuuzi, jiwe ni zito, masikio huvunjika njiani, na sikio la jiwe halishonwi. Ila sina budi kuongeza kwamba aliyekichonga kiboko hicho, na mama aliyekisugua kwa msasa kwenye karai la maji, hawajawahi kuketi kwenye kigoda changu kutwa nzima, na sijui hoja yangu ya masikio ingesimama mbele yao kwa muda gani. Tena msinishike kwa 700. Mwaka kama 2020, nilipofunga mlango kwa miezi, ukirudi, nitarudi 500, na nitamweleza Mama Cherop mwenyewe kabla hajasoma vikaratasi.

Kile cha mshono wa hatua kumi na moja nimekiweka rafu ya juu kwa 1,100. Yeye anasema ningekiuza ghali kuliko vizima. Wageni wawili wamekishika na kuuliza kimevunjikaje, na bado kipo.

Msomaji wenu,
Endebess