“Del zio” au “dello zio”?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi huwatembeza watalii hapa Malindi, na Kiitaliano changu nimekiokota ufukweni. Nikisema “la madre di il bambino” (mama wa mtoto) wageni hunisahihisha kwa upole: “del bambino”. Nami nikishaizoea “del”, nikasema “la casa del zio” (nyumba ya mjomba), husahihishwa tena. Je, kuna kanuni, au ni mazoea tu ya wenyewe?

JIBU: Kanuni ipo, tena ni ya lazima. Vihusishi vitano, yaani “di”, “a”, “da”, “in” na “su”, vikikutana na kibainishi, kile kineno “il”, “lo”, “la”, “l’”, “i”, “gli” au “le” kinachotangulia nomino, huungana nacho kuwa neno moja: “di” na “il” huwa “del”, “in” na “la” huwa “nella”, “a” na “gli” huwa “agli”. “Per”, “tra” na “fra” haviungani. “Con” huweza kutoa “col” kwa hiari, kama sisi tunavyosema “naye” au “na yeye” bila kukosolewa.

Kwa maoni yangu, kinachomponza Mswahili si muungano huo bali mwelekeo wake. Kiambishi chetu cha “-a” ya kumiliki hufuata nomino iliyotangulia: kitabu cha mtoto, vitabu vya mtoto. Kiitaliano hutazama mbele: “il libro del bambino”, “i libri del bambino”, na “del” haitikisiki hadi watoto wenyewe wawe wengi, ndipo tupate “dei bambini”. Kwa hiyo ulizia kwanza kibainishi cha nomino inayofuata. Nomino za kiume zinazoanza kwa “z”, au kwa “s” inayofuatwa na konsonanti, hutaka “lo”, na katika wingi “gli”. Ndiyo sababu tunasema “dello zio”, “dello studente”, “degli studenti”.

Utata halisi uko pale kibainishi kinapotoweka. Utasema “vivo in Kenya” (naishi Kenya), lakini “vengo dal Kenya” (natoka Kenya). Vivyo hivyo “in Italia” haina kibainishi, ila ukitaja Italia ya kusini kinarudi: “nell’Italia meridionale”. Majina mengi ya miji hayana kibainishi kabisa, basi wewe sema “vengo da Malindi”. Anayetoka Cairo, mji ambao Waitaliano huuita “il Cairo”, ndiye atakayesema “vengo dal Cairo”.