Misuli laini: mmeuliza, nawajibu

Wiki iliyopita niligusia hapa kwamba seli za misuli laini, ile iliyomo kwenye kuta za mishipa ya damu, utumbo na kibofu, hukuzwa maabara nje ya mwili. Maswali yamenijia mengi. Naanza na la bucha.

Shikamoo mwalimu. Nauza nyama Igoma. Ule mshipa mnene unaotoka kwenye moyo wa ng'ombe ndiyo misuli yenyewe?

Marahaba. Imo humo. Upasue kwa urefu, uuvute: unarudi kama raba. Seli tunazozitaka ziko tabaka la katikati. Maabara hulibandua tabaka hilo likiwa bichi kabisa, hulikatakata vipande vidogo kama punje za mchele, kisha huvilaza kwenye sahani yenye maji ya virutubisho na seramu ya ndama, yaani maji yanayobaki damu ikishaganda, katika nyuzijoto 37. Kinachofuata ni kungoja. Siku zikipita, seli zinatambaa zenyewe kutoka pembeni mwa kipande. Wenye haraka hutumia vimeng'enya vinavyolegeza nyuzi, seli zikaachana.

Zikiwa kwenye sahani, bado zinajikaza? (Mwanafunzi, Nyegezi)

Mwanzoni, ndiyo. Halafu zinageuka, na hapo ndipo penye utamu. Mwilini seli hii imesheheni nyuzi za aktini na mayosini, protini za kubana, kazi yake kubana na kulegea. Kwenye sahani yenye seramu nyingi nyuzi hizo hupungua, mitambo ya kutengeneza protini huongezeka, nayo huanza kugawanyika na kumwaga kolajeni, protini ya nyuzi ngumu inayoshikilia mwili. Ni mvuvi aliyetundika nyavu akaanza kusokota kamba. Sahani ikijaa, seli hupandana huku na kubaki tabaka moja kule, vilima na mabonde. Kila nikiona picha yake ya hadubini nakumbuka nyumba za Mabatini, Mwanza, zilivyopandana mlimani.

Zinarudi kuwa seli za kubana? Ukipunguza seramu mapema, baadhi ya protini za kubana huonekana tena. Zikishahamishwa sahani mara nyingi, usitegemee sana.

Mimi nina presha. Sahani hizo zinanisaidia nini? (Mama wa Kirumba)

Mama, mageuzi hayohayo hutokea ndani ya mishipa inayoziba kwa mafuta. Mwaka 1974 Russell Ross na wenzake, Marekani, walionyesha kwamba seramu ya damu iliyoganda huzichochea seli hizi kuzaliana, na kichocheo kinatoka kwenye chembe sahani, zile zinazogandisha damu. Bila sahani za maabara jambo hilo lingekuwa gumu kulitenga. Dawa zako za presha lakini, endelea nazo kama ulivyoandikiwa.

Na bondo la sangara, kile kibofu chake cha hewa, nalo ni misuli laini?

Nilijua mtafika huko! Misuli laini imo kiasi ukutani mwake, ila anacholipia mnunuzi hasa ni kolajeni. Mambo ya bei kaulizeni mwaloni.