Fomu za Mtandaoni Zinazokwamisha Watu, na Namna ya Kuzinyoosha

Tovuti ikiwa na rangi zisizopendeza mtu huvumilia, akasoma alichofuata akaondoka. Fomu ikimkataa mara tatu bila kumweleza kosa, huenda stesheneri, au saiba kwa walioko Kenya, akalipa ajaziwe. Kuanzia hapo nywila yake, namba ya kitambulisho na nakala ya cheti vimebaki kwenye kompyuta ya mtu mwingine. Kasoro ndogo kwenye fomu ya ajira au ya mkopo wa chuo humgharimu mwombaji hela na siri zake, na wakati mwingine humpitisha siku ya mwisho ya kuomba. Haya ni kwa wanaotengeneza tovuti, na panapowezekana nimeongeza njia ya kujinasua kwa anayejaza.

Fomu nyingi huvunjikia kwenye namba. Namba moja ya simu ya Tanzania huandikwa kwa kuanza na 0, na 255, au na +255, ikiwa na nafasi katikati au bila. Zote ni namba ileile. Fomu inayosema "Namba si sahihi" kwa sababu ya nafasi moja inamtwika mtu kazi ambayo kompyuta ingeimaliza mara moja: ondoa nafasi, vistari na alama ya kujumlisha, ikianza na 0, weka namba ya nchi mahali pa 0 hiyo, kisha angalia kama zimebaki tarakimu 12. Hesabu hiyo inafaa kwa Tanzania na Kenya. Ukiilazimisha kwa kila mtu, Mtanzania aliyeko Muscat atakwama, maana namba za Oman zina tarakimu 8 tu baada ya 968. Wala usiweke sharti kwamba namba ya Kenya lazima ianze na 07, kwani za 01 nazo zinatumika. Wewe unayejaza, fomu ikikataa bila maelezo, jaribu kwanza kwa 0 bila nafasi yoyote, kisha 255 au 254 bila alama ya kujumlisha, mwisho weka alama hiyo.

Namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa cha Tanzania, ina shida yake ya pekee. Ina tarakimu 20, na huandikwa kwa mafungu ya 8, 5, 5 na 2 yaliyotengwa kwa vistari, kwa hiyo ukiinakili nzima unapata herufi 23. Mtengenezaji akiweka `maxlength="20"`, yaani kikomo cha herufi 20, akidhani anamsaidia mtu asikosee, kivinjari hukata kilichobandikwa bila kusema neno: kistari cha mwisho na tarakimu 2 za mwisho hupotea. Kwenye skrini ndogo mtu haoni kilichokatwa. Anaona tu kwamba serikali inamjua na tovuti haimjui. Ruhusu herufi zaidi, ondoa vistari mwenyewe, ndipo uhesabu. Kama unajaza fomu ya namna hiyo, futa vistari kwenye programu ya kuandikia kumbukumbu kabla ya kubandika.

Kuna kosa baya zaidi, kwa kuwa halionekani siku hiyo. Namba hiyo ikihifadhiwa kama namba ya hesabu, huharibika. JavaScript, lugha ya programu inayotumika ndani ya kivinjari, hutunza namba kamili kwa uhakika hadi 9007199254740991, yaani tarakimu 16. Zaidi ya hapo tarakimu za mwisho zinaweza kubadilika. Excel hutunza tarakimu 15, zinazofuata huzigeuza sifuri. Mwombaji aliandika sawasawa, lakini orodha inayofika mezani kwa afisa ina namba ya mtu asiyekuwepo. Namba ya kitambulisho haijumlishwi wala haipunguzwi kihesabu, kwa hiyo ihifadhi kama maandishi. Ukitaka kibodi ya tarakimu itokee kwenye simu, tumia `type="text"` pamoja na `inputmode="numeric"`. Ile `type="number"` iachie idadi ya vitu; kwenye kompyuta inaweza hata kubadilisha thamani mtu anapozungusha gurudumu la kipanya.

Na kwa kuwa tarakimu 8 za kwanza za namba ya NIDA ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa, hakuna sababu ya kumwambia mtu aijaze tarehe hiyo upya. Ionyeshe, athibitishe. Pale ambapo lazima uulize tarehe ya kuzaliwa, weka visanduku vitatu vya kuandika: siku, mwezi, mwaka. Kalenda inayofungukia mwezi huu na kurudi nyuma kwa mshale peke yake humtaka aliyezaliwa 1968 abonyeze zaidi ya mara 600. Kwenye kalenda nyingi za Android, ukigusa mwaka ulioandikwa juu, orodha ya miaka hufunguka. Wengi hawalijui hilo, kwa sababu hakuna kinachoonyesha kwamba mwaka huo unagusika.

Majina nayo yana mtego. Ng'ang'a, Wang'ombe na Ng'wandu ni majina ya kawaida kabisa huku kwetu, na bado kuna fomu zinazoyakataa kwa kuwa zimeandikwa zikubali A hadi Z tu. Mara nyingi sharti hilo huwekwa kwa hofu kwamba ritifaa, ile alama ya ', itapenyeza amri kwenye hifadhidata. Kinga ya hofu hiyo ni kutuma data kando na amri ya SQL (lugha ya kuamuru hifadhidata), jambo ambalo lugha zote kubwa za programu zinaliweza. Kumfutia mtu herufi ya jina lake si kinga. Tena baadhi ya simu, hasa iPhone, hubadilisha ritifaa iliyonyooka kuwa iliyopinda. Kwa macho ni jina lilelile, kwa mashine ni herufi mbili tofauti, zenye namba za utambulisho U+0027 na U+2019. Zikubali zote mbili, kisha uzigeuze kuwa moja kabla ya kulinganisha na kumbukumbu nyingine. Kwenye iPhone, shikilia kitufe cha ritifaa kwa muda kidogo, utapewa iliyonyooka uchague.

Barua pepe ina kero ndogo inayojirudia mno: kibodi ya simu ikikupendekezea anwani nawe ukaigusa, huweza kuacha nafasi tupu mwishoni. Fomu inakataa na mtu haoni kosa. Futa nafasi za mwanzo na mwisho kwenye seva, basi.

Kupakia vyeti ndiko watu wanakokata tamaa. Picha ya kamera ya simu huwa na megabaiti kadhaa. PHP, lugha inayoendesha tovuti nyingi upande wa seva, isiporekebishwa hukubali faili la megabaiti 2 na fomu nzima ya megabaiti 8. Nginx, programu ya seva inayopokea maombi ya tovuti, isiporekebishwa hukataa ombi lolote linalozidi megabaiti 1. Fomu nzima ikizidi kikomo cha PHP, programu yako hupokea visanduku vyote vikiwa vitupu, na mtu anarudishiwa ujumbe "Jaza jina lako" ilhali alishalijaza. Pima ukubwa wa faili kwenye kivinjari kabla halijatumwa, na uandike kikomo kando ya kitufe. Bora zaidi, ipunguze picha mwenyewe hukohuko kwenye simu. Mtu asilipie bando la megabaiti 5 ili aambiwe faili ni kubwa. Kumbuka pia kwamba iPhone nyingi huhifadhi picha kwa muundo wa HEIC, hivyo ama ukubali muundo huo au uonyeshe wazi kwamba unataka JPG. Anayejaza anaweza kupiga picha ya skrini ya cheti kikiwa kimefunguka chote, mara nyingi ikatoka nyepesi zaidi. Hakikisha tu maandishi yanasomeka.

Halafu kuna muda. PHP isiporekebishwa huhesabu data za kikao, yaani kumbukumbu ya tovuti kwamba umeingia, kuwa za kufutwa baada ya sekunde 1440 bila shughuli. Hizo ni dakika 24. Mtu aliyeinuka kutafuta cheti cha kidato cha nne kabatini anaweza kurudi akakuta yuko nje. Laravel, mfumo wa kujengea tovuti kwa PHP, usiporekebishwa hutoa dakika 120, kisha hutupa ukurasa wa kosa namba 419, ambao kwa mwananchi hauna maana yoyote. Hifadhi rasimu kila sehemu inapokamilika, onya kabla muda haujaisha na utoe kitufe cha kuongeza. Na mwanzoni kabisa, kabla ya kisanduku cha kwanza, taja nyaraka zote zitakazohitajika. Kwa mjazaji: maelezo marefu yaandike kwanza kwenye programu nyingine, kisha ubandike.

Nywila isiyokubali kubandikwa haimlindi mtu. Inamfanya achague fupi na rahisi. Mwongozo wa NIST, taasisi ya viwango na teknolojia ya Marekani, toleo la 2017, ulishauri kubandika kuruhusiwe, kikomo cha urefu wa nywila kisiwe chini ya herufi 64, na watu wasilazimishwe kubadilisha nywila kila baada ya muda bila sababu.

Namba ya uthibitisho inayokuja kwa SMS inahitaji uangalifu huohuo. Kwenye simu yenye RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ndogo, ukitoka kwenye kivinjari kwenda kusoma ujumbe, ukurasa unaweza kujifungua upya na ulichojaza kikapotea. Isome kwenye taarifa za juu ya skrini bila kutoka. Usiombe nyingine haraka, kwani kwenye mifumo mingi namba ya mwanzo hufa pale ya pili inapotolewa, na ujumbe unaweza kufika kwa kupishana. Mtengenezaji aweke `autocomplete="one-time-code"`, simu inayoweza kuijaza yenyewe itaijaza.

Kwenye malipo, kitufe kinachokaa kimya baada ya kubonyezwa humfanya mtu abonyeze tena. Kizime papo hapo, andika "Inatuma, subiri", na kila ombi lipewe utambulisho wake ili seva ikiliona mara ya pili isilipishe tena. Mlipaji asiyeona jibu aangalie kwanza SMS ya mtandao wake wa pesa. Ikiwa imefika na tovuti bado inadai hajalipa, anakili namba ya muamala, apige picha ya skrini yenye saa, aiwasilishe kwa huduma kwa wateja, na asibonyeze lipa tena.