Nalima ekari saba, mbona mbolea ya ruzuku ni mifuko miwili?

SWALI: Nalima mahindi kaunti ya Trans Nzoia, Kenya. Ekari mbili ni zangu na tano nimezikodi tangu mwaka jana. Ujumbe ulioingia kwenye simu unaniruhusu mifuko miwili tu ya mbolea ya kupandia. Ofisi ya kilimo ya kaunti imesema haiwezi kuongeza. Jirani naye ananiambia kuna pesa za ruzuku zinazotumwa kwa M-Pesa, mradi nilipe ada kidogo kwanza. Nifanye nini?

JIBU: Pole, ndugu yangu. Anza na hiyo ada: usilipe. Ruzuku hii haiji kama pesa mkononi. Imo ndani ya bei. Mpango ulipoanza mwaka 2022, mfuko wa kilo 50 uliuzwa shilingi 3,500 wakati madukani ulikuwa umepita 6,000. Agosti 2023 bei ikashushwa hadi 2,500. Tofauti hiyo ndiyo ruzuku yako, na unaipata pale unapolipia mfuko. Anayekuitisha ada ili "akufungulie" pesa anakuibia. Namba za siri zilizo kwenye ujumbe wako usimpe mtu pia.

Sasa mifuko. Kwa mahindi, kawaida tunashauri mfuko mmoja wa kupandia kwa ekari. Ukipewa miwili, mimi nasoma hivi: rekodi yako ina ekari mbili, zile zako mwenyewe. Ulisajiliwa kabla ya kukodi, na ekari hazijiongezi zenyewe kwenye rekodi. Huenda hata zile tano zimeandikwa kwa jina la mwenye shamba, naye ndiye anayepokea ujumbe wake. Muulize kwa upole, kabla ya kwenda kokote.

Ofisi ya kaunti haikukupuuza. Katiba ya 2010 iliipa kaunti kazi ya kilimo, lakini mbolea hii ni ya serikali ya kitaifa na inatolewa kupitia maghala ya Bodi ya Nafaka. Usajili ulipitia kwa machifu, kwa hiyo rudi kwa chifu wako. Beba kitambulisho, mkataba wa kukodi, na simu yenye laini uliyosajilia. Laini ikiwa imepotea, sema hapo hapo, maana ujumbe huenda kwenye namba iliyoandikwa, si kwa sura yako. Kama mkataba ni wa mdomo, uandikeni sasa, mtaje ekari ngapi na misimu mingapi, na mwenye shamba akubali ekari hizo ziondolewe kwenye rekodi yake. Nenda Januari. Ukingoja mvua ya Machi, foleni itakuwa ndefu na wakati wa kupanda utakupita.

Jambo moja hukuliuliza, lakini linaniuma kila msimu. Watu wanapigania DAP, aina ya mbolea ya kupandia, bila kujua udongo wao. DAP ina nitrojeni asilimia 18 na fosfati asilimia 46, na nitrojeni yake ni ya amonia, inayozidisha uchachu wa udongo mwaka hadi mwaka. Mashamba mengi ya Trans Nzoia tayari yana uchachu, na huko fosfati hukwama udongoni bila kuufikia mzizi. Hizo ekari tano hujui zililishwa nini kabla yako. Chota udongo sehemu kumi hivi za shamba, kina cha sentimita 20, uchanganye, upeleke kilo moja upimwe. Ukiambiwa unahitaji chokaa ya kupunguza uchachu, itie kwanza, ndipo mifuko yako ikufae.