Elfu Kumi na Tano Zakutosha, Ila Anza na Kebo

Juzi kijana mmoja wa Likoni, hapa Mombasa, aliniandikia: "Kaka, leseni yangu imetoka, nina elfu kumi na tano. Ninunue antena gani ya kuelekeza?" Nilicheka, kisha kicheko kikakatika. Mimi nilipoanza redio ya ridhaa, yaani kuzungumza hewani na watu wa mbali bila biashara, nilikuwa na mara nne ya pesa hizo, na sikumuuliza mtu.

Nilinunua Yagi kuukuu, antena ya vijiti inayorusha mawimbi upande mmoja, ya vijiti vitatu na masafa ya 14 MHz. Wimbi la hapo lina urefu wa mita 21 hivi, na kijiti cha nyuma hupita nusu yake, yaani zaidi ya mita 10. Mimi nakaa Majengo, ambako paa langu na la jirani karibu zibusiane. Muuzaji akaniapia kuwa chumvi haiigusi. Aluminiamu na boliti za chuma cha kawaida zikikutana penye unyevu wa bahari hulana, lakini hilo hakulitaja, nami sikujua kuuliza. Kusi la mwaka ule lilipopamba moto, alfajiri moja tukasikia kishindo: kijiti kimelala juu ya tangi la maji la jirani. Tangi nililipa mimi. Mkongwe mmoja wa hewani, mtu niliyemheshimu, akasema mbele za watu kwamba nimejijengea kaburi la pesa. Hadi leo nikisikia sauti yake kwenye redio, mkono huwa mzito kubonyeza kitufe cha kusema.

Miaka miwili iliyofuata niliishi na waya mmoja uliofungwa kwenye ukuta. Hiyo sina haja ya kuisimulia.

Kilichonitoa ni Moxon, umbo la antena aliloliacha Les Moxon wa Uingereza, aliyejulikana hewani kwa jina la G6XN. Ni vijiti viwili tu, ncha zake zimekunjwa zitazamane, kwa hivyo ya 28 MHz ina upana wa kama mita 3.8 na kina cha mita 1.4. Ukiipima vizuri inakubali kebo ya omu 50 kutoka redioni moja kwa moja, bila kisanduku cha katikati. Mianzi nilipewa na fundi wa makuti, waya wa shaba nikautoa kwenye nyaya za umeme zilizobaki nyumba ilipokarabatiwa. Ncha zile hazitakiwi kugusana, basi nikaziunganisha kwa mshipi wa wavuvi. Mlingoti ni bomba la maji, na rota, yaani mota ya kuzungusha antena, ni mkono wangu: napanda, nasukuma, nashuka. Kutoka paani kwangu, upande wa Nyali ni Japani, wa Jomvu ni Marekani, na Ulaya inaingia ukisogeza kidogo kuelekea Kisauni.

Jumapili iliyopita, saa nne asubuhi, niliita kwa wati hamsini. Japani ikajibu mara ya pili tu. Nilipiga yowe mpaka mama mwenye nyumba akauliza nani kafa.

Sasa kebo, na hapa nitakuwa mkali. Vijana mnapenda kinachoonekana kutoka barabarani. Mita 20 za RG-58, ile kebo nyembamba, zitakula karibu theluthi ya nguvu zako kwenye 28 MHz, na ukipanda hadi 145 MHz zitakula zaidi ya nusu. Halafu unalia kwamba antena mbovu! Nunua RG-213, iliyo nene, hata kama italamba nusu ya elfu kumi na tano zako. Kiungio kizibe kwa tepu ya mpira, tabaka juu ya tabaka, maana hewa yetu ina chumvi na maji yakishaingia ndani ya kebo, hiyo ni ya kutupa. Boliti ziwe za chuma kisichoshika kutu. Nimesema kebo? Nasema tena kebo.

Kama nia yako ni 145 MHz, kusikiliza kituo cha anga za juu kikipita kwenye 145.800, usinunue chochote. Tepu ya fundi ya chuma na paipu ya plastiki ya maji zinatosha. Kata kijiti cha nyuma kama sentimita 105, cha mbele kama 89, kile cha katikati kigawe vipande viwili vya 45. Kwangua rangi patakapowekwa solda, la sivyo haishiki. Ishike mkononi ifuate kituo. Usiiache nje usiku, itapata kutu kabla ya mwezi.

Na ufanye haraka kuhusu 28 MHz. Madoa ya jua, ambayo yakiwa mengi masafa hayo hufika mbali, yalifika kileleni karibu na 2024, na yakipungua masafa hayo hunyamaza muda mrefu. Kukopa ili uwe na antena kubwa kuliko ya mwenzako ni ugonjwa, nami nimeuugua, kwa hivyo usiniambie simjui anayeumwa.

Ile Yagi sikuiuza. Vijiti vilivyosalia viko uani, mama mwenye nyumba anaanikia leso.