Mleta uzi, achana na kikao cha tarehe 5, kimbilia Tume

Mkuu, nimesoma bandiko lako mara mbili, ya pili nikiwa nimesimama. Kuhama chama cha wafanyakazi, makato, kikokotoo cha pensheni, sijui bima ya mama watoto, yote weka kando kwanza. Umeandika kwamba chuo chako binafsi kimekupa barua ya kupunguzwa kazi tarehe 2, ajira imekoma siku hiyohiyo na notisi wamekulipa taslimu. Halafu mstari wa mwisho kabisa, kama mtu anayetaja hali ya hewa, unasema katibu wa tawi amekwambia utulie kwa sababu wanakaa na menejimenti tarehe 5 mwezi ujao.

Leo tarehe 24. Hebu hesabu kwa vidole. Anayepinga kuachishwa kazi ana siku 30 za kuufikisha mgogoro wake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, hii tunayoiita CMA. Siku zako zinaisha tarehe 1 au 2, kutegemea mwezi huu una siku ngapi. Kikao kinakaa tarehe 5. Sasa niambie wewe, hicho kikao kitakuwa kinajadili nini?

Na wewe uliyemjibu hapo juu kwamba "asikurupuke, chama kipo kazini", samahani sana, lakini una mshahara na unamshauri asiye nao. Mimi niliambiwa maneno hayohayo, na nadhani hata sauti ilikuwa ileile.

Nilikuwa masjala kwenye chuo kikuu kimoja binafsi. Sitakitaja, kuna shemeji yangu bado anakula mkate wake pale. Kazi yangu ilikuwa kupokea barua, kugonga muhuri wa tarehe, kuandika kwenye rejesta ya barua zinazoingia, kuipa folio, yaani namba yake ndani ya jalada, na kuitia humo. Yaani mimi ndiye niliyekuwa namrudisha mhadhiri na shahada zake tatu mlangoni kwa sababu barua yake haina tarehe. Wakinuna, nawaambia "ndugu, bila muhuri hii ni karatasi tu." Kumbuka hiyo sentensi, ilikuja kunirudia mbele ya watu.

Chuo kikaanza kupunguza watu, wakasema wanafunzi wamepungua na ada hazitoshi. Upande wa utawala ndio tuliofyekwa: masjala, maktaba, ofisi ya udahili, mahesabu. Kwenye masjala tulikuwa watatu. Nikaondolewa mimi niliyekuwepo tangu jengo halina dari, akabaki kijana niliyemfundisha kushika muhuri. Kanuni za utendaji bora zinataja wazi kigezo cha wa mwisho kuingia awe wa kwanza kutoka, isipokuwa mwajiri aonyeshe kuna ujuzi maalumu anaoubakiza. Ujuzi gani maalumu uko kwenye kugonga muhuri? Chama nacho kilitakiwa kushirikishwa kabla, mwajiri aseme sababu, idadi, vigezo na malipo. Mkutano wa namna hiyo haukufanyika, au ulifanyika ndotoni kwa mtu. Ninachotaka uelewe ni kwamba kesi ilikuwepo, na ilikuwa na nyama.

Nikampelekea katibu wetu wa tawi barua yangu. Nikampa mkononi, kantini, hakusaini popote, na mimi mtu wa masjala sikumwambia asaini! Akaikunja, akaitia mfuko wa shati, akasema: "Mzee wa masjala, hilo letu. Tunalipeleka Tume pamoja na la wenzako." Alikuwa anakula chapati mbili na supu niliyomnunulia mimi, nisiye na kazi. Baada ya hapo kila nikipiga simu ilikuwa ni "tupo kwenye mazungumzo, usichafue hali ya hewa", "Makamu Mkuu wa Chuo yuko safarini", "tumeshapeleka, subiri wito". Hiyo ya "tumeshapeleka" ndiyo iliyonimaliza. Mtu akikwambia jambo limeshafanyika, unaacha kuuliza.

Nilipokwenda mwenyewe ofisi ya Tume pale mkoani, dada wa mapokezi alipitisha kidole kwenye rejesta, ukurasa baada ya ukurasa, akafika mwisho, akaanza upya kwa huruma. Jina langu halikuwepo, na la mwenzangu yeyote halikuwepo. Nikamwambia basi nipe fomu nijaze sasa hivi. Akaiangalia barua yangu ya kuachishwa, akaangalia kalenda ya ukutani, akasema: "Baba, wewe unaanza na F2."

F2 ni maombi ya kuongezewa muda. Unawekea na kiapo kueleza kwa nini ulichelewa, na si kuchelewa kwa jumla tu. Msimamo wa mahakama zetu ni kwamba kila siku ya kuchelewa itolewe maelezo, hata ikiwa moja. Mimi nilikuwa nimepitiliza kama wiki na ushee. Sababu yangu: katibu wa chama aliniambia ameshapeleka. Ushahidi? Maneno ya kantini. Nikamfuata aniapie kwamba kweli alinihakikishia hivyo. Bwana yule, aliyekuwa ananiita mzee wa masjala, akaniambia suala la kiapo lazima lipite kwenye kamati. Kamati! Kuniahidi hakukuhitaji kamati, kula chapati hakukuhitaji kamati.

Siku ya kusikilizwa wakili wa chuo hakuhangaika na sheria nyingi. Alisimama akasema mwombaji si mtu wa kawaida, ni mtumishi wa masjala aliyefanya kazi ya tarehe na mihuri miaka yote, na kwamba kwa kauli yake mwenyewe kazini, karatasi isiyo na muhuri ni karatasi tu. Sijui nani alimpelekea ile sentensi (namhisi mhadhiri mmojawapo). Watu walicheka. Na mimi nilicheka, ungefanyaje?

Maombi yakatupwa. Habari ya wa mwisho kuingia haikuguswa, ya chama kutoshirikishwa haikuguswa. Kwa sheria ilivyokuwa wakati ule, ukionekana umeachishwa isivyo halali, fidia haikuwa inashuka chini ya mishahara ya miezi 12. Chukua mshahara wako uzidishe kwa 12, halafu uitazame hiyo namba vizuri. Ndiyo bei ya kumsubiri katibu. Ningeweza kwenda Mahakama Kuu Divisheni ya Kazi kuomba mapitio, lakini hapo nauli yenyewe nilikuwa nakopa, na wakili niliyemuulizia alitaja kiasi ambacho kingenifanya niuze kiwanja ili nidai mshahara.

Nimekatwa ada ya chama kwenye hati ya mshahara kila mwezi bila kukosa. Nilichobaki nacho ni fulana tatu za Mei Mosi, zote saizi ya mtu mnene, na mimi ni kimbaombao. Moja nalalia. Kofia alichukua mtoto.

Sisemi vyama havifai. Kuna matawi yana viongozi wanaojua fomu zote kwa namba na wanakupigia simu wao. Lakini katibu wa tawi ni mfanyakazi kama wewe, anaajiriwa na chuo hichohicho, ana mkopo wa benki, na menejimenti wanajua anakaa ofisi namba ngapi. Anaweza kuwa mtu mwema kabisa na bado siku zako zikaisha mezani kwake. Kwa hiyo hata usimchunguze kama ni mwaminifu. Usimpe tu nafasi ya kukupotezea tarehe.

Shika hili kabla hujafika kikomo cha kusoma: mazungumzo hayasimamishi siku. Yawe ya chama na menejimenti, yawe ya wewe na mkuu wa rasilimali watu, yawe ya mchungaji wa chuo aliyejitolea kupatanisha. Saa ya Tume inatembea. Kama ungekuwa umekata rufaa ndani ya chuo na unasubiri uamuzi wa mwisho, siku zingeweza kuhesabiwa kuanzia huo uamuzi wa kushikilia kwamba uondoke. Lakini hujataja rufaa yoyote, umetaja kikao. Usicheze kamari na hiyo.

Na kwenda Tume si kutangaza vita, huo ni uongo mwingine wanaotutisha nao. Hatua ya kwanza pale ni usuluhishi, yaani mnakalishwa mezani mzungumze. Mazungumzo yaleyale ya tarehe 5, tofauti ni kwamba mkikubaliana mnasaini na makubaliano yanawabana wote wawili. Katibu akitaka kuja aje, sheria inamruhusu kiongozi wa chama kukuwakilisha pale. Ila aje akute mgogoro una namba.

Unachokwenda kujaza ni F1, fomu ya kupeleka mgogoro Tume. Haina malipo, mtu akikuomba hela ya "kufungua faili" huyo ni mwizi. Kwa sababu unapinga kuachishwa kazi, usiiache sehemu B, ndiyo inayohusu walioachishwa kazi. Halafu kwenye kile kisehemu cha unachodai, andika kila kitu: fidia au kurudishwa kazini, kiinua mgongo kama hawajakupa (siku 7 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka uliotimiza, mwisho miaka 10), likizo ambayo hukwenda, usafiri wa kurudi ulikoajiriwa kama ulitolewa mkoa mwingine, cheti cha utumishi. Usiseme "haya mengine nitayasema mbele". F1 ndiyo madai yako, ambalo hukuliandika utalililia nje. Nakala inapelekwa kwa mwajiri na unatakiwa uonyeshe ameipokea. Hapo sasa ndugu yangu, simama pale dirishani kwao mpaka wagonge muhuri. Wakisema mwenye muhuri ameenda chai, msubiri. Najua hiyo chai, nimeinywa sana. Angalia na tarehe iliyogongwa, ile mihuri ya kuzungusha kwa kidole huwa inabaki kwenye tarehe ya jana au hata mwezi uliopita, na karani mvivu hageuzi.

Kuna fomu ya makabidhiano watakupa ujaze uwarudishie funguo na kompyuta. Soma maandishi madogo chini. Yetu ilikuwa na mstari wa "sina madai mengine yoyote dhidi ya chuo". Rudisha funguo, ukatae huo mstari.

Wale wa vyuo vya umma mnaosoma msiige hili moja kwa moja. Nyie ni watumishi wa umma, na tangu sheria yenu ilipobadilishwa mwaka 2016 mnatakiwa mmalize kwanza njia za huko, Tume ya Utumishi wa Umma, kabla ya kugusa sheria za kazi. Nimeona watu wakipeleka CMA na kurudishwa mlangoni kwamba Tume haina mamlaka, na wakati huo huko kunakohusika siku nazo zimeshakwisha. Tume mbili, majina yanafanana, milango tofauti.

NSSF, yaani mfuko wa hifadhi ya jamii, uliuliza? Umesema una miaka 41, basi hilo la kikokotoo cha pensheni si lako leo, wanaokupigia mahesabu yake humu wanakupotezea muda. Lako ni fao la kukosa ajira: kama umechangia angalau miezi 18 na hukuacha kazi kwa hiari, unalipwa theluthi moja ya mshahara kwa miezi isiyozidi 6. Kachukue taarifa ya michango uone kama chuo kilikuwa kinapeleka au kilikuwa kinakata tu. Ila hiyo foleni ya NSSF ipange baada ya kutoka Tume, maana fao halikimbii wiki hii.

Kuhamia chama kingine, mkuu, kwa makato ya mshahara upi? Hiyo tutaiongea ukirudishwa kazini.

Kesho asubuhi beba barua ya kuachishwa, mkataba, hati za mshahara za karibuni na kitambulisho, na nakala mbili mbili za kila kimoja, maana fotokopi ya jirani na ofisi ile huwa na foleni au haina umeme. Katibu akipiga simu mwambie upo njiani. Ukishapata F1 yenye mihuri yote miwili, wa Tume na wa chuo, piga picha, ziba jina, weka hapa tuione tarehe. Halafu unikumbushe, bima ya mke ulikuwa unauliza nini?